Iulize Laptopu Yenyewe

Vyuo vinapofunguliwa, mwezi wa kumi na wa kumi na moja, steshenari yangu hapa Morogoro hujaa vijana wa mwaka wa kwanza wenye swali lile lile: "Mama, nina laki tano na nusu. Ninunue laptopu gani?" Wengine bumu limeingia, wengine wametumiwa na nyumbani. Wapo wanaotoka Ifakara na Malinyi, na kwao pesa hiyo ni mpunga uliouzwa kwa bei ya shambani ili mtoto asome kama wenzake. Pesa ya namna hiyo ikiliwa, imeliwa. Ndiyo maana sioni sawa kumtajia mtoto jina la kampuni na kumwambia nenda salama.

Tangu treni ya SGR ilipoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro, Juni 2024, safari yangu ya kufuata karatasi na wino Kariakoo imekuwa ya kwenda na kurudi siku hiyo hiyo, na mara nyingi nafuatana na kijana mmoja au wawili wanaotafuta mashine. Kwa kusimama sana mbele ya kaunta za watu nimefikia msimamo mmoja: karibu kila unachotaka kujua kuhusu laptopu, laptopu yenyewe inakisema. Muuzaji anataka iondoke dukani. Winga aliyekudaka mtaani anataka cha juu chake. Mashine haina masilahi na wewe. Cha muhimu ni kujua namna ya kuiuliza, na kuiuliza wakati pesa bado iko mfukoni mwako.

Kwa bajeti ya mwanafunzi, laptopu mpya kabisa naziogopa kuliko za mtumba. Mpya ya bei ya chini mara nyingi huja na hifadhi ya eMMC (aina ya bei nafuu iliyochomelewa kwenye bodi) ya GB 64, RAM, ile kumbukumbu ya kufanyia kazi, ya GB 4 nayo iliyochomelewa, na prosesa, yaani ubongo wa mashine, dhaifu. Windows ikishakaa humo na masasisho yake, mwanafunzi anabaki akifuta picha ili apate nafasi ya kuhifadhi kazi za darasani, na hakuna fundi atakayemwongezea kitu. Mtumba mzuri ni ule uliotumika maofisini Ulaya na Marekani: Dell Latitude, HP EliteBook, Lenovo ThinkPad. Makampuni ya huko huzibadilisha baada ya miaka mitatu au minne, nyingi hupitia Dubai, ndipo zinafika kwetu. Zimetengenezwa kufanya kazi kutwa nzima. Bawaba zake ni ngumu, kifuniko cha chini hufunguka kwa skrubu chache, na nyingi zinakubali kuongezwa RAM na kubadilishwa diski. Hata kibodi itakusimulia ilikotoka: ukiona mstari wa juu wa herufi unaanza AZERTY, mashine ilitumika Ufaransa au Ubelgiji, ukiona QWERTZ, Ujerumani au jirani zake. Huo si ubovu, ila mtu anayechapa haraka atasumbuka nao, na vibandiko wanavyobandika juu ya herufi huanza kubanduka mapema. Aliyezoea kibodi za kompyuta za chuo achague ya QWERTY, ile ya kawaida yetu.

Sasa prosesa, kwa sababu hapa ndipo stika inapouza kuliko mashine. Kijana anaona imeandikwa i7 anaona amepata, anaona i5 anaona amepunjwa. Kinachotakiwa kusomwa ni tarakimu zinazofuata kistari. Kwenye i7-4600U, ile 4 ni kizazi cha nne, mashine ya mwaka 2013 hivi, yenye kori mbili tu, yaani vichwa viwili vya kufanyia kazi. Kwenye i5-8350U, ile 8 ni kizazi cha nane, na ina kori nne. Hiyo i5 inaiacha mbali i7 ile, halafu inatumia betri vizuri zaidi. Kuanzia kizazi cha kumi tarakimu huwa mbili: i5-1135G7 ni ya kizazi cha kumi na moja. Usisome kwenye stika, maana stika inauzwa rejareja. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, fungua sehemu iliyoandikwa Performance, usome jina la prosesa pale juu kulia. Hapo hapo utaona RAM ni kiasi gani, imekaa kwenye nafasi ngapi, na kama diski ni SSD, ile ya haraka isiyo na kitu kinachozunguka ndani, au ni ile ya zamani ya kuzunguka. Ukitaka uhakika zaidi, izime, uiwashe ukiingia kwenye BIOS, ile menyu ya mashine yenyewe inayofunguka kabla ya Windows (vitufe vyake nitavitaja mbele), kwa sababu maandishi ya ndani ya Windows mtu anaweza kuyachezea.

Kizazi cha nane nakisisitiza kwa sababu nyingine pia. Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel inakubali, kwa ujumla, kuanzia kizazi cha nane, pamoja na kile kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0. Wauzaji wanalijua hilo. Zipo njia za kulazimisha Windows 11 iingie kwenye mashine ya kizazi cha tano au cha sita, na madukani zimepangwa nyingi za namna hiyo, zinang'aa na menyu mpya katikati ya kioo. Microsoft haitoi ahadi ya masasisho kwa mashine kama hizo. Kwa hiyo kuona Windows 11 kwenye kioo hakuthibitishi chochote mpaka usome namba ya prosesa. Kama pesa inatosha kizazi cha sita tu, sikatai. Namwambia kijana aijue hali hiyo, ashushe bei kwa sababu hiyo, na akiweza aweke Linux Mint, mfumo unaokaa mahali pa Windows, ambao ni bure na unakwenda vizuri kwenye mashine za zamani. Kwa kuandika ripoti kuna LibreOffice, nayo bure.

Betri ndipo maneno yanapokuwa mengi kuliko kweli. Kuna duka moja Kariakoo tulipoingia na binti wa mwaka wa kwanza, kijana wa kaunta akatuwekea EliteBook iliyofutwa hadi inateleza. "Mama yangu, hii betri inapiga saa tano bila wasiwasi." Nikamwomba niifungue kidogo. Nikabonyeza kitufe cha Windows, nikaandika cmd, likaja lile dirisha jeusi. Nikaandika powercfg /batteryreport nikabonyeza Enter. Mashine ikajibu kwamba ripoti imehifadhiwa, ikataja na folda ilipo. Tukaifungua. Nilikuwa natafuta mistari miwili tu: Design Capacity, ule uwezo ambao betri ilitoka nao kiwandani, na Full Charge Capacity, uwezo iliobaki nao. Wa kwanza ulisoma 50,000 na ushei. Wa pili 26,000 na ushei. Nikamgeuzia kioo. Hakubisha. Alikaa kimya, akaingia stoo, akatoka na nyingine ya aina ile ile, nayo ikasoma 43,000. Bei haikubadilika hata shilingi. Binti akaondoka na hiyo ya pili, na yule kijana akaniomba nimwandikie ile amri kwenye kikaratasi aibandike kaunta. Nilimpenda kwa hilo. Wauzaji wengi hawana nia mbaya. Mzigo unakuja kwa maboksi na wao wenyewe hawajui kilichomo.

Betri iliyobakiza asilimia 80 kwenda juu naihesabu nzuri kwa mtumba. Chini ya 60 nadai bei ipungue au iwekwe nyingine. Ila ripoti hiyo isikutoshe peke yake, kwa sababu betri za bandia zinazowekwa kwenye mashine za mtumba huweza kuandika kwamba ni nzima wakati ndani hazina kitu. Chomoa chaja, cheza video, mwangaza uwe wa juu, uendelee kukagua mambo mengine kwa nusu saa. Ikishuka kutoka 90 hadi 60 wakati bado mnaongea bei, umeshajibiwa.

Nusu hiyo ya saa haitapita bure. Kwenye Notepad bonyeza kila kitufe kimoja kimoja, na vile vya pembeni ambavyo watu husahau: mshale wa chini, Delete, kitufe cha nafasi upande wa kushoto na upande wa kulia. Fungua kamera. Chomeka flashi kwenye kila tundu la USB, na waya wa masikioni kwenye tundu lake. Unganisha Wi-Fi na simu yako mwenyewe, siyo na ya dukani. Fungua picha nyeupe tupu ijaze kioo utafute madoa, halafu nyeusi tupu utafute nukta zinazong'aa. Funga na kufungua kifuniko taratibu huku umeweka sikio karibu na bawaba. Mwisho weka kiganja chini yake: ikiwa feni inavuma kama jenereta kwa video moja tu, ndani kuna vumbi au ile pesti ya prosesa imekauka. Hilo fundi analimaliza, lakini linalipwa, kwa hiyo liingie kwenye mazungumzo ya bei.

Kwa diski, mimi hutembea na flashi yenye programu ya bure inayoitwa CrystalDiskInfo. Inasoma afya ya diski na saa ilizofanya kazi tangu izaliwe. Ikiandika Good naendelea. Ikiandika Caution nadai diski nyingine hapo hapo. Na kama mashine ni nzuri kwa kila kitu ila ina diski ya kuzunguka, mwambie muuzaji aweke SSD hata ya GB 256. Hakuna pesa inayobadilisha laptopu ya zamani kama hiyo. Mashine iliyokuwa inawaka kwa dakika kadhaa itawaka kabla hujavuta kiti.

Flashi nazo zina yake. Zile zilizoandikwa 2TB zinazouzwa bei ya soda chache ni za kidanganyifu: ndani zina GB chache, lakini zimeandikwa upya ili kompyuta isome 2TB. Unaendelea kuweka faili, zinaonekana zimeingia, siku ya kuzifungua hazifunguki. Programu ya bure ya H2testw huijaza flashi nzima kisha huisoma tena, na inakwambia ukweli wake. Mwanafunzi amewahi kuniletea utafiti wake kwenye kitu cha namna hiyo, siku ya mwisho ya kuukabidhi. Majina ya faili yote yalikuwepo. Ndani hakukuwa na neno hata moja.

Kuna jambo linaloniuma kuliko yote hayo, nalo ni mashine zenye kufuli la kampuni. Laptopu inafanya kazi vizuri miezi kadhaa. Siku moja inakuwa nzito, kijana anaambiwa airudishe kama ilivyotoka kiwandani, anafanya hivyo, anaunganisha intaneti, na kioo kinamkaribisha kwa jina la kampuni ya Ulaya asiyoijua, kinamtaka aingie kwa barua pepe ya kazini. Hana. Hatakuwa nayo. Mashine ile ilisajiliwa kwenye mfumo wa kampuni na haikufutwa ilipouzwa, au pengine haikuuzwa kihalali. Duka alilonunua linamwambia muda wa waranti umepita. MacBook zina kufuli lake, akaunti ya Apple ya mwenye mashine wa kwanza, na hilo ni gumu zaidi.

Kwa hiyo naomba mambo mawili kabla ya kulipa. Kwanza, mashine izimwe na kuwashwa huku tukibonyeza F10 kwa HP, F2 kwa Dell, au F1 kwa ThinkPad, tuone BIOS inafunguka bila kudai neno la siri. Pili, muuzaji airudishe upya mbele yetu na tuiunganishe na intaneti ya simu hadi ifike mahali pa kuweka jina la mtumiaji. Inachukua muda. Mwenye duka mwenye haraka atakunja uso. Mimi hukaa kwenye stuli nikasubiri, kwa sababu huyo mtoto niliyenaye atakaa na mashine hiyo miaka mitatu.

Hilo la kuirudisha upya lina faida nyingine. Mashine nyingi hutoka dukani zikiwa na akaunti ya muuzaji. Siku hizi Windows 11 ikiingiwa na akaunti ya Microsoft mara nyingi huifunga diski kwa usimbaji, na ufunguo wake wa tarakimu 48 unahifadhiwa kwenye akaunti hiyo. Fundi akigusa BIOS au akibadilisha bodi, kioo kinaweza kukudai tarakimu hizo. Kama akaunti ilikuwa ya muuzaji, ufunguo uko kwake, na faili zako ziko nyuma ya mlango asioukumbuka. Weka akaunti yako, kwa barua pepe yako, na neno la siri uliandike kwenye daftari linalobaki nyumbani. Na ile tabia ya kuweka programu za kuvunja leseni naikataa kabisa. Ili zifanye kazi hukuambia uzime kinga ya virusi kwanza, na ukishaizima hujui kingine kilichoingia pamoja nazo. Kinachosikitisha ni kwamba mashine nyingi hizi za ofisini zina leseni halali ya Windows iliyohifadhiwa kwenye bodi yenyewe. Ukiweka toleo lile lile upya, inajitambua yenyewe.

Chaja. Soma maandishi madogo nyuma yake. Output 19.5V na 3.34A ni wati 65, kwa sababu unazidisha volti kwa ampea. Ikiwa 4.62A ni wati 90. Chaja yenye wati nyingi kuliko inavyohitajika haidhuru mashine, mradi volti ni zile zile. Yenye wati chache ndiyo itakayokuchosha, mashine inakuwa nzito na betri haijai. Dell na HP huitambua chaja kwa kapini kadogo katikati ya kichwa chake. Kapini hako kakipinda au chaja ikiwa ya bandia, mashine inawaka lakini inakataa kuchaji, na watu wanadhani betri imekufa, wananunua betri bure. Kabla ya betri, azima chaja ya mwenzako ujaribu.

Kwenye risiti sina mjadala. Dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, na mwombe muuzaji aandike kwenye karatasi ya duka namba ya mashine iliyo chini ya laptopu, aina ya prosesa, RAM, diski, na muda wa waranti. Waranti nyingi za mtumba ni za wiki mbili au mwezi, na nyingi haziihesabu betri wala chaja. Bora ulijue hilo mkiwa bado mnacheka. Neno la kinywa halina pa kulipeleka. Karatasi inalo: Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumdanganya mlaji kuhusu bidhaa, na Tume ya Ushindani, ile tunayoiita FCC, inapokea malalamiko ya watu wa kawaida kama sisi. Bila risiti utaanzaje kulalamika? Na mashine ikiibwa hosteli, polisi watakuuliza namba yake. Ipige picha siku ile ile uitume kwenye barua pepe yako.

Hapo mashine imefika nyumbani, na sehemu kubwa iliyobaki ni umeme, joto na bando.

Chaja nyingi zimeandikwa 100 hadi 240V, kwa hiyo umeme ukiwa mdogo zinavumilia. Kinachoua ni ule mshtuko umeme unaporudi baada ya kukatika. Umeme ukikatika chomoa, ukirudi subiri utulie ndipo uchomeke. Anayeweza anunue kifaa kama kile cha kulindia friji, kinachochelewesha umeme kidogo kabla ya kuupitisha. Na laptopu isichaji kwenye ekstensheni moja na pasi au jagi la umeme, kama ilivyo kawaida ya vyumba vya hosteli.

Joto la Morogoro mnalijua. Laptopu ikiwekwa juu ya godoro, matundu ya hewa ya chini yanazibwa na shuka, na godoro linashikilia joto. Ubao wa kukatia mboga unatosha kabisa kuwekwa chini yake. Anayefanya kazi akiwa amechomeka chaja muda wote aiwekee mashine kikomo cha kuchaji asilimia 80. ThinkPad, Dell na HP za ofisini nyingi zina mpangilio huo, kwenye programu zao au kwenye BIOS. Betri ikianza kuvimba utaiona tachipedi inainuka au kifuniko hakifungi sawasawa. Hapo acha kuichaji, ipeleke kwa fundi itolewe, wala mtu asiitoboe wala kuibana irudi. Betri hizo zinashika moto.

Bando ndilo linalowatoa vijana machozi. "Mama, nimeunga GB 5 asubuhi, nimefungua barua pepe tu, limeisha." Simu haijakosea. Laptopu ikiunganishwa na hotspoti ya simu inaiona kama Wi-Fi nyingine yoyote, inadhani intaneti haina kipimo, na inaanza kushusha masasisho ya Windows na kupandisha picha kwenye hifadhi ya mtandaoni. Fungua Settings, Network & internet, Wi-Fi, kisha sifa za mtandao huo, uwashe Metered connection. Mpangilio huo unashika mtandao mmoja mmoja, kwa hiyo ukiungana na hotspoti ya rafiki, uwashe tena. Kwenye Settings hizo hizo kuna Data usage, inayoorodhesha kila programu na ilichokula kwa siku 30. Wengi wakiifungua mara ya kwanza wanakutana na jina ambalo hawajawahi hata kulibofya. Masasisho yenyewe msiyaache kabisa, ni kinga. Yashusheni chuoni kwenye Wi-Fi ya maktaba.

Na sasa niseme kama mwenye steshenari, maana virusi vya flashi vinapita mikononi mwetu. Flashi inachomekwa, folda zote zimegeuka njia za mkato, kila moja na kimshale chake. Usibofye hata moja, kubofya ndiko kunakovisambaza. Faili zako zimefichwa tu. Angalia flashi imesomeka kwa herufi gani, tuseme F, fungua lile dirisha jeusi la cmd uandike attrib -h -r -s /s /d F:\*.* kisha Enter. Folda halisi zitarudi kuonekana; zinakili kwenye kompyuta yenye kinga iliyosasishwa, zikaguliwe, halafu flashi ifutwe yote. Njia iliyo bora ni kutokuja na flashi kabisa. Geuza kazi yako iwe PDF, uitume kwa barua pepe. Kurasa hazitaruka, fonti hazitabadilika, na nakala moja inabaki kwenye barua pepe. Google Drive inatoa GB 15 bure na OneDrive GB 5. Utafiti mzima na viambatisho vyake haufiki hata GB 1. Mwaka wa tatu wakianza kuandika nawaambia kila jioni wajitumie faili la siku hiyo wenyewe.

Ukipeleka mashine kwa fundi, piga picha ya ukurasa ule wa Performance unaoonyesha RAM na diski, na utoe ripoti ya betri, ambayo ina namba ya betri yako. Mwonyeshe fundi kwa upole kwamba unazo. Fundi mwaminifu hatakasirika. Kazi ndogo, kama kusafisha feni, omba ukae umsubiri.

Wanaomaliza chuo huuza laptopu zao kwa wanaoingia, na ni soko zuri kwa sababu watu wanafahamiana. Anayeuza anakili vyake kwanza, atoke kwenye akaunti zake zote, kisha aende Settings, System, Recovery, Reset this PC, achague Remove everything, na kwenye mipangilio ya ziada awashe Clean data ili faili zake zisifufuliwe na mtu. Kwa Mac, atoke kwenye akaunti ya Apple kabla ya kufuta. Wanaandikiana karatasi yenye namba ya mashine, bei, tarehe na sahihi mbili, na risiti ya kwanza ya dukani inahamia kwa mnunuzi. Karatasi hiyo hapa kwangu tunaichapa bure.